Fukwe tulivu za Unguja: namna ya kuzifikia ukitokea Moshi bila kukuta bahari imeondoka

"Bahari iko wapi?"

Ndo swali aliloniuliza mke wangu mara ya kwanza tumefika Jambiani, saa nne na nusu asubuhi, mabegi mgongoni, usingizi bado machoni. Na kweli haikuwepo. Kulikuwa na mchanga mweupe unaoumiza macho, ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe wanaocheua, vidimbwi vidogo vidogo, akina mama wameinama kwa mbali, na kule mwisho kabisa mstari wa povu, ndo bahari yenyewe hiyo, kilomita na ushee kutoka tuliposimama. Nauli yote ile kutoka Moshi halafu bahari imesafiri. Nikamwambia subiri itarudi, nikijifanya najua, kumbe sijui chochote, ilirudi saa nane hivi tumeshakula na kulala.

Tangu hapo nimerudi karibu kila mwaka, na watu wa huku wakinipitia dukani wananiuliza swali moja, wapi Zanzibar pametulia, yaani sio muziki mpaka alfajiri, sio mapapasi, wale vijana wa kuwinda watalii, wanakufuata na bangili, ni bahari tu na wewe. Nimechoka kurudia kwa mdomo, nimeamua kuandika.

Wengi wetu wa Moshi na Arusha tukienda Unguja tunaenda Nungwi na Kendwa. Sio kwamba hatuna akili, ni kwamba kule kaskazini maji hayaendi mbali, unaogelea asubuhi mchana jioni hujali saa. Na kwa sababu hiyohiyo mahoteli yamejazana huko na kila mtu yuko huko. Mashariki na kusini ya kisiwa kuna mwamba mrefu unaozuia mawimbi, ndani yake kuna maji mafupi, na maji yakipwa panakauka. Mwenye siku tatu za likizo hataki habari za kusubiri bahari. Kwa hiyo ule utulivu unaoutafuta, kwa sehemu kubwa, umeletwa na maji kupwa, na ukishajua ratiba ya maji umeshapata nusu ya safari.

Maji kwanza, chumba baadaye

Watu wanabook chumba kwanza halafu wakifika ndo wanauliza maji. Geuza. Angalia mwezi kwanza.

Iko hivi. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata ni bamvua. Bamvua maana yake maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti ya juu na chini inaweza kufika mita nne hivi. Na Unguja bamvua ina saa zake, maji yanakupwa kabisa kama saa nne mpaka saa tano asubuhi, yanajaa kabisa kama saa kumi jioni, halafu usiku yanarudia hivyohivyo. Kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Sasa piga hesabu, baada ya wiki moja yamesogea kama saa sita, imegeuka, saa nne asubuhi ndo yamejaa na jioni ndo yamekupwa. Siku hizo zinaitwa maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana.

Kwa hiyo unataka kuogelea kabla ya mchana ufukwe wa mashariki? Nenda kwenye maji mafu. Unataka kutembea mpaka kwenye mwamba, kuona mashamba ya mwani, kuona akina mama wanachokoa pweza? Nenda bamvua. Mimi napenda kufika siku ya tano au ya sita tangu mwezi uandame ili nipate vyote viwili, mwisho wa bamvua ile na maji mafu yanayokuja.

Programu za simu za maji kujaa na kupwa zipo na ziko sawa tu, lakini sisi tunatumia kalenda ya Kiislamu, ile inayogawiwa bure madukani, imening'inia jikoni kwetu pembeni ya ile ya kanisani. Tarehe 1 mpaka 3 na 15 mpaka 17 ni bamvua. Tarehe 8 na 9, 22 na 23, maji mafu. Ndo maana Idd Mosi ya kumaliza Ramadhani ukiwa mashariki ya Unguja asubuhi hukuti maji, yamekupwa, hayana sikukuu.

Upepo pia usiusahau. Kaskazi ni Desemba mpaka Machi, joto kali, kusi ni Juni mpaka Septemba, baridi kidogo na upepo mwingi, Paje wanarusha makaiti kutwa. Masika ya Machi mpaka Mei hoteli nyingine zinafungwa kabisa, ila mwenye roho ya mvua atapata bei nzuri na ufukwe mzima peke yake. Kati ya kusi na kaskazi, kama Oktoba na Novemba mwanzoni, upepo unalegea, maji yanakuwa kama kioo, mimi hapo ndo napapenda zaidi ya pote.

Kushuka kutoka mlimani

Kwa basi Moshi mpaka Dar ni siku nzima, usijidanganye kwamba utapanda boti siku hiyohiyo, lala Dar. Basi linakushusha stendi ya Magufuli kule Mbezi, na bandari ya boti iko katikati ya mji karibu na kanisa la Mtakatifu Yosefu, kwa foleni za Dar hiyo nayo ni safari. Treni ya kutoka Arusha na Moshi nayo ipo, haina haraka, inatembea usiku kucha siku zake maalum, watoto wanaipenda kuliko bahari yenyewe. Mwenye hela kidogo aangalie ndege za KIA au za Kisongo, zipo za moja kwa moja, ukipata ofa na ukijumlisha gesti ya Dar na bajaji na chakula cha njiani unaweza kukuta tofauti sio kubwa kivile.

Siri moja ya Wachaga. Desemba katikati dunia nzima inapanda kuja Kilimanjaro, mabasi kutoka Dar yanajaa mpaka basi. Yanayoshuka? Viti unachagua. Sisi tunashuka tarehe 10 hivi, tunarudi kabla ya Krismasi tukiwa tumekata tiketi ya kurudi mapema sana, maana ukiichelewesha hiyo utakula sikukuu stendi ya Mbezi. Tarehe 2 Januari mchezo unageuka, usijaribu.

Boti inachukua kama saa mbili. Beba kitambulisho, cha NIDA au pasipoti, Mtanzania analipa kwa shilingi na bei yake sio ya mgeni, ila wanataka kuona. Kipindi cha kusi mkondo unachafuka, kaa chini upande wa nyuma, usile chipsi mayai bandarini, nakuomba. Shemeji yangu alikula. Sisemi zaidi. Kama unaenda na rafiki wa nje ya nchi mwambie mapema kuna bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44, ilianza Oktoba 2024, wanaiulizia pale pale kwenye kuingia.

Ukishuka boti mapapasi watakupokea kwa Kiingereza, wajibu kwa Kiswahili na salamu ndefu, wengi wanacheka na kukuelekeza stendi ya daladala ilipo. Gari zina namba, 310 ni Makunduchi, 309 Jambiani, 118 Matemwe, 116 Nungwi. Nyingine bado zile za mbao, mabenchi yanatazamana, mizigo juu, unakaa na ndoo ya samaki katikati ya miguu na bibi anakushikisha mtoto bila kukuuliza jina. Kama saa moja na nusu mpaka mbili uko kijijini. Gari la mwisho linaondoka mapema kuliko unavyodhani, ukifika mjini alasiri lala mjini, kula urojo, ondoka asubuhi.

Wapi sasa

Makunduchi ndo chaguo langu la kwanza, ni mwisho wa kisiwa kusini mashariki na watalii wengi wanaishia Jambiani. Ufukwe mrefu, mahali pengine mchanga, mahali pengine jabali la matumbawe limechongwa na maji mpaka limebaki kama uyoga, na siku za kawaida unatembea nusu saa unakutana na mtu mmoja na baiskeli. Ila ujue, Julai kuna Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi, wanaume wanachapana kwa magome ya mgomba na kibanda kinachomwa moto, watu wanatoka kisiwa kizima. Kuzuri sana kuona, lakini utulivu wiki hiyo usiuulizie.

Kutoka hapo chukua bodaboda uende Mtende. Ni kijighuba kidogo kimebanwa na majabali pande mbili, unashuka ngazi, na ukifika chini unaona kama umeingia kwenye chumba kisicho na paa. Hapa mambo ni kinyume na Jambiani, bahari iko karibu, tatizo ni mchanga, maji yakijaa ya bamvua ufukwe unamezwa, unabaki umeegemea jabali na viatu mkononi. Nenda maji yakiwa nusu. Kuna kiingilio kidogo, lipa bila kelele.

Kaskazini mashariki wengi wanajua Kiwengwa na Matemwe. Pita Matemwe, endelea juu mpaka Muyuni, barabara inazidi kuwa ya vumbi na minazi inazidi kuwa mingi, mbele yako unakiona kisiwa cha Mnemba. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli, huruhusiwi kutua, ila boti za kwenda kuona samaki wa matumbawe zinaondokea huku. Hapo kwenye boti asubuhi kuna msongamano, saa nane mchana zimesharudi na ufukwe unabaki wako.

Uroa na Marumbi, huko karibu na Chwaka, mimi napaweka kwenye kundi la watu wanaopenda kuona kazi kuliko kuogelea. Mikoko, madema ya kutegea samaki yamepangwa juani, mashamba ya mwani. Mchanga sio ule wa kwenye matangazo. Mke wangu hapapendi, anasema panamkumbusha kazi. Mimi nakaa hapo na chai kutwa.

Upande wa magharibi, Mangapwani, watu wanakuja kuona pango na lile shimo walilofichwa watumwa, wanapiga picha wanaondoka. Fukwe zake ndogo chini ya majabali wanazijua wenyeji, na kwa sababu ni magharibi maji hayaendi mbali na jua unaliona likizama. Kuna bandari mpya inajengwa eneo hilo, kwa hiyo kama unapataka kwa utulivu usisubiri sana.

Na kama una wiki nzima na roho ngumu, acha Unguja, vuka Pemba. Boti inatia nanga Mkoani, unapanda gari mpaka Chake, halafu Konde, halafu unakodi bodaboda inakupitisha ndani ya msitu wa Ngezi, miti imefunga juu kama uko njia ya Marangu, giza na ubaridi, na ghafla msitu unakatika uko Vumawimbi. Kilomita na kilomita za mchanga, hakuna duka wala mwamvuli. Siku niliyoenda mimi nilikuta wavuvi wanne wanavuta wavu na mbwa mmoja. Beba maji ya kunywa, na mkubaliane kabisa na bodaboda saa ya kukufuata kabla hajaondoka, mlipe nusu, nusu akirudi. Simu mtandao unakuja na kuondoka kama maji.

Kutembea kwenye mwamba, soma hapa taratibu

Sisi wa mlimani bahari hatuijui. Tumejifunza kuogelea Chemka pale Boma, maji yametulia, unaona mpaka kidole cha mguu, mkondo wenyewe unakubembeleza. Ukitoka Chemka na kujiona muogeleaji ndo unapata shida.

Mwaka wa pili tulienda na shemeji, bamvua, maji yamekupwa yote, tukasema twende mpaka kwenye povu. Ni kuzuri mno, nisiseme uongo, unatembea juu ya bahari, vidimbwi vina samaki wa bluu wadogo kama kucha, nyota za bahari nyekundu, tukapiga picha tukasahau saa. Ilikuwa kama saa sita na nusu. Nikaona maji kwenye kifundo cha mguu, nikasema aah bado madogo. Tukageuka kurudi, baada ya hatua mia mbili yako kwenye goti, na cha ajabu mbele yetu, upande wa nchi kavu, ndo kulikuwa na maji mengi kuliko tulikotoka. Tukaambiana tukate moja kwa moja tuwahi.

Ndo tukasikia sauti. "Nyie watoto! Maji yashageuka hayo! Msikate hapo, hapo pana mkondo, njooni huku kwangu!"

Bibi mmoja, kanga imefungwa kiunoni, kirobota cha mwani kinaelea nyuma yake kakifunga kamba. Tukamfuata. Akatupitisha kwa kuzunguka, pembeni ya vijiti vya mashamba, maji kiunoni, yeye anatembea kama yuko sokoni Mbuyuni, shemeji ameshika simu juu ya kichwa na kusali kimyakimya. Tulipofika mchangani nikamwamkia, nilikuwa hata salamu sijatoa. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Kwenu wapi?" Nikasema Moshi. "Kwenye mlima! Haya, huko mlimani kwenu mkiiona mvua yaja hamshuki?"

Alichotufundisha pale ndo ninachokupa. Ufukwe wa maji mafupi haujazwi kutoka mbele kwako kama beseni. Maji yanaingia kwanza kwenye mikondo, ile mifereji ya chini, na mingi iko kati ya mwamba na nchi kavu, kwa hiyo unazungukwa nyuma wakati mbele bado pakavu. Tena hayaji kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanapanda polepole unayadharau, saa ya tatu na ya nne ndo yanakimbia. Kwa hiyo ingia wakati maji bado yanatoka, na ianze safari ya kurudi kabla hayajafika mwisho wa kupwa. Kama yanakupwa kabisa saa tano, wewe saa nne na nusu uso uelekee minazi. Angalia akina mama wa mwani, wakianza kufunga virobota na wewe funga safari, wao hawaangalii simu.

Viatu. Sio ndala, ndala zinanasa na kuchomoka. Raba za zamani zenye soli ngumu, mimi zangu nilinunua mtumba pale Memorial elfu tano na zimekwenda bahari mara sita. Mwamba una wale madude meusi ya mviringo yenye miiba mirefu, mwiba unakatikia ndani ya nyayo na utachechemea likizo yote, wenyeji wanapaka utomvu wa papai bichi. Kuna taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, wanajifukia kwenye mchanga wa maji mafupi, ukitembea buruza mguu usinyanyue, atakusikia ataondoka. Konokono wenye umbo la koni, wenye madoa mazuri mazuri, usiokote hata kama mtoto analia, wanachoma na sumu yake sio ya mchezo. Na makombe mengine yaache tu huko.

Halafu usikanyage kamba za mwani. Ukiwa na haraka unaziona kama uchafu, vijiti viwili na kamba imevutwa katikati, lakini kwenye kila kamba kuna vishada vimefungwa kimoja kimoja kwa vijikamba wanaviita taitai, mtu kaviinamia masaa na jua la mgongoni. Kazi hii ilianza pwani ya mashariki kibiashara mwaka 1989 na wanaoifanya wengi ni wanawake, ndo hela ya sare za shule hiyo. Kuna vijiji pia vinafunga kipande cha mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, ukiambiwa huku kumefungwa usibishe kwamba hujaona kibao.

Kijijini

Ufukwe mtulivu una wenyewe. Huku sio Kendwa ambako kila aliyepo ni mgeni, hapa unapita uani kwa watu. Bichi vaa unavyotaka, ila ukivuka mstari wa minazi kuingia kijijini jifunge kanga, na baba weka shati. Salamu kwanza swali baadaye, na salamu ya Zanzibar haiishi kwa mambo vipi, wanauliza hali, watu wa nyumbani, safari, usikimbilie "samahani naulizia". Picha za watu omba, hasa akina mama wakiwa majini nguo zimelowa.

Ukilala kwa mtu kijijini, sio hotelini, mwenyeji wako atataka kumjulisha sheha, yaani kiongozi wa serikali pale kijijini, ni utaratibu wao, mpe jina lako vizuri. Hema vilevile, usichomeke tu usiku ukadhani ufukwe hauna mtu. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka kwa hiyo angalia inaangukia lini, mchana usile wala kuvuta njiani, kula chumbani, na jioni usishangae ukiitwa kufuturu na watu ambao huwajui, nenda, beba tende. Na ndugu zangu wa Arusha, najua mnavyojua kusafiri, kitimoto cha kufungasha na bia za kwenye kuulaboksi viacheni nyumbani, kijiji kizima kitakuwa na adabu ya kutosema kitu na wewe utakuwa umejiharibia.

Chakula hakikusubiri. Usitegemee kufika saa nane ukakuta menyu. Asubuhi ukipita kunywa chai na vitumbua muulize mama, mchana leo kuna nini, agiza hapohapo, sema mko wangapi, mpe hela kidogo ya mbele. Ukirudi unakuta pweza wa nazi na wali, na pengine amekaa anakusubiri na kawa juu ya sahani. Tukiwa Makunduchi tulikula kwa mama mmoja siku nne, siku ya pili mke wangu alikuwa jikoni anakuna nazi, siku ya tatu wakawa wananisema mimi nikiwepo.

Hela beba taslimu na iwe noti ndogo, wakala wa simu wapo mpaka vijijini ila float yake inaweza kuisha kwa mteja mmoja wa mjini. Mifuko ya plastiki isije kabisa, Zanzibar waliipiga marufuku tangu 2006, miaka 13 kabla yetu huku bara. Tochi ya kichwani, dawa ya mbu, mafuta ya jua hata kama ngozi yako nyeusi kama yangu, mabega yangu yalibanduka kama kitunguu.

Kurudi, muulize kondakta jioni gari la kwanza kesho linapita saa ngapi, mara nyingi ni alfajiri sana, na simama barabarani kabla yake maana linaanza kupiga honi kijiji cha pili na halisubiri. Ukiwahi hilo unapata boti ya asubuhi.

Na nyumbani watakwambia utuletee samaki. Mimi nilibeba mara moja, ng'onda mkavu kabisa, umefungwa kwenye karatasi, kiroba, halafu begi. Tulipofika Korogwe basi zima lilikuwa limefungua madirisha, konda akaja siti kwa siti ananusa kama mbwa wa polisi, mke wangu akageukia dirishani kama hanijui. Siku hizi nawabebea sabuni za mwani, wanatengeneza akina mama wenyewe, hazina harufu ya kumuudhi mtu.